Nyumbu Milioni Moja na Bakuli Letu la Nyama



Likizo iliyopita mafrateri watatu wa darasa letu la Falsafa tulipelekwa utume katika kigango kimoja upande wa magharibi wa Serengeti, mahali ambapo ukisimama kwenye mlango wa kanisa unaliona pori la hifadhi kwa macho. Padre hufika huko mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista huongoza Ibada ya Neno, na baada ya ibada kuna chakula kwenye jumuiya mojawapo. Jumapili ya pili tulialikwa sisi. Ugali ulikuja, mlenda ukaja, likaja na bakuli la nyama nyeusi, ngumu kidogo, yenye nyuzi ndefu, iliyokuwa imekaushwa kabla ya kuungwa. Mmoja wetu akauliza ni nyama ya nini. Mwenyeji wetu, mzee wa heshima, akacheka tu: "Frateri, hiyo ni ya porini. Tubarikie tule."

Tukabariki. Tukala. Ilikuwa tamu, hatuna sababu ya kuwadanganya.

Usiku ule, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, ndipo mjadala ulipoanza, na tuliporudi seminarini tukauleta mezani kwa wenzetu. Hadi leo haujaisha. Makala haya yanatoka humo. Si wote tuliokubaliana kila kitu, lakini wengi wetu tunasimama kwenye haya tunayoyaandika.

Hoja ya kwanza tuliyoisikia kijijini, na baadaye tukaisikia tena kutoka kwa wenzetu wanaotoka mkoa wa Mara, ni hii: "Nyumbu ni wengi, hawaishi." Ni hoja nzito kwa sababu mtu yeyote aliyewaona nyumbu wakipita hujiona mjinga akibisha. Ukiambiwa kuna nyumbu milioni moja na laki tatu, na familia hii imekula mmoja, hesabu ya darasa la tatu inatosha kumaliza kesi. Kwa hiyo tuanze na hiyo idadi. Imetoka wapi?

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt nchini Ujerumani, alikuja na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia. Walihesabu nyumbu 99,481. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai angani, Michael akafa. Alikuwa na miaka 24, rika letu kabisa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kuzikwa hapo hapo. Hatukubaliani na kila alichokiandika mzee Grzimek kuhusu Wamaasai na ng'ombe wao, tutarudi kwenye hilo. Lakini mtu aliyemzika mwanawe kwa ajili ya hesabu anastahili kusikilizwa anapotaja namba.

Baadaye njia za kuhesabu ziliboreshwa. Mwaka 1961 idadi ilikaribia 260,000. Mwaka 1965 ilipita 400,000, mwaka 1971 ikakaribia 700,000, na mwaka 1977 ikafika kama milioni 1.4. Tangu hapo imekuwa ikipanda na kushuka kati ya milioni moja na kidogo zaidi, isipokuwa baada ya ukame mkali wa mwaka 1993 iliposhuka hadi kama 900,000.

Sisi wanafalsafa wachanga tumefundishwa kuuliza: unajuaje? Jibu ni kwamba hakuna anayewahesabu nyumbu wote mmoja mmoja. Ndege hupita juu ya tambarare kwa mistari iliyonyooka, hupiga picha kila baada ya umbali fulani, wanyama walio kwenye picha huhesabiwa, kisha idadi hiyo huzidishwa kulingana na ukubwa wa eneo zima. Ni hoja ya kutoka sehemu kwenda kwenye jumla, ile ile inayotupa taabu kwenye somo la Mantiki. Ikiwa kundi kubwa liko nje ya mistari siku hiyo, hesabu inapungua. Ikiwa mstari umeangukia kwenye kundi, inaongezeka. Ndiyo maana watafiti waaminifu hawatoi namba moja bila kutaja pia upana wa kosa linalowezekana. Sisi tunaosoma habari ndio tunaotupa sehemu hiyo na kubaki na namba iliyo nzima.

Mwaka 2025 ilitangazwa hesabu ya aina nyingine kabisa. Watafiti walitumia picha za setilaiti za mwaka 2022 na 2023, na kompyuta zilizofundishwa kumtambua nyumbu kama nukta ndogo kwenye majani. Walipata nyumbu wasiofika 600,000. Chini ya nusu ya idadi tuliyoizoea! Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: hawakusema nyumbu wamekufa nusu yao. Yawezekana wengine walikuwa nje ya eneo lililopigwa picha, au chini ya miti. Lakini baada ya hapo, mtu anayesema "hawaishi" kwa sababu ni milioni moja na laki tatu anajenga nyumba juu ya namba ambayo wahesabuji wenyewe wanaiuliza maswali.

Hata hivyo, si kosa la hesabu linalotusumbua zaidi. Kinachotusumbua ni swali ambalo hakuna aliyetuuliza kijijini: kwa nini nyumbu walikuwa wachache hivyo zamani, na kwa nini wakaongezeka?

Jibu ni sotoka. Wazee wetu wafugaji wanalijua jina hilo. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1880, ukaja na ng'ombe walioletwa Pembe ya Afrika, na katika miaka michache uliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa ukanda huu. Wamaasai na wafugaji wengine walikufa kwa njaa. Nyati na nyumbu nao wakaanguka. Kisha ugonjwa haukuondoka. Kwa miaka zaidi ya sitini uliendelea kuzunguka, ukiua hasa ndama wa nyumbu wa mwaka wa kwanza. Nyumbu ambao mzee Grzimek aliwahesabu, akidhani anaona Serengeti ilivyoumbwa, walikuwa mabaki ya msiba.

Kilichobadilisha mambo kilitokea nje ya hifadhi. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka, na ng'ombe wa vijijini kuzunguka Serengeti wakachanjwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyekamatwa akachomwa sindano. Walichanjwa ng'ombe. Na watafiti walipochunguza damu ya nyumbu wakakuta kwamba wale waliozaliwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1960 walikuwa na dalili za kuwahi kukutana na sotoka, na waliozaliwa baadaye hawakuwa nazo. Ugonjwa ulikuwa unaishi kwa ng'ombe. Ulipokatwa huko, ndama wa porini wakapona.

Tulipolisoma hili maktabani tulikaa kimya kidogo. Maana hoja mbili zilianguka kwa pamoja. Ile ya kijijini, kwamba wanyama ni wengi tangu enzi na wataendelea kuwa wengi hata tufanye nini, si kweli: wingi huu una umri wa babu zetu tu, na una sababu. Lakini ile hoja nyingine, ya watu wanaokuja kwa magari ya juu na suruali za kaki, kwamba mfugaji na ng'ombe wake ni adui wa pori, nayo si kweli. Nyumbu waliongezeka mara tano kwa sababu kuna mtu aliwajali ng'ombe wa mfugaji. Na mfugaji huyo, mwaka 1959, ndiye aliyekuwa ametolewa Serengeti kupelekwa Ngorongoro. Alitolewa ili wanyama wapone, kisha wanyama wakapona kupitia zizi lake. Mambo haya hatuwezi kuyasoma bila kuona aibu kidogo kwa niaba ya walioamua, ingawa walikuwa na nia njema.

Yaliyofuata baada ya chanjo ni ya kusisimua kuliko filamu. Nyumbu walipoongezeka walikula majani mengi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua, na maeneo yaliyokuwa nyasi tupu yakarudisha miti. Simba na fisi wakapata chakula, wakaongezeka. Hata wale nyumbu wanaokufa maji wakivuka Mto Mara, ambao watafiti wanakadiria kuwa zaidi ya 6,000 kwa mwaka, wanalisha samaki, mamba na ndege, na mifupa yao huendelea kurutubisha maji kwa miaka. Simon Mduma, mtafiti wa Kitanzania ambaye baadaye aliongoza taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1999, kwa kumbukumbu za miaka arobaini, kwamba kinachoweka kikomo cha nyumbu siku hizi ni majani ya kiangazi. Pori lina kikomo chake.

Habari kama hiyo ilijirudia kwa huzuni mwaka 1994. Ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama theluthi moja yao, karibu simba elfu moja. Uchunguzi ulielekeza kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Tangu wakati huo mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, na katika hilo watoto wa shule ndio waliofaidika kuliko simba. Kijiji na pori wanapumua hewa moja.

Sasa turudi kwenye bakuli.

Mwenzetu mmoja, ambaye ni hodari wa kumnukuu Mtakatifu Tomaso wa Akwino hata pale asipoulizwa, alitukumbusha kwamba Tomaso hakuona dhambi katika kumuua mnyama kwa ajili ya chakula. Kweli. Hatusemi kwamba kula nyumbu ni dhambi kwa sababu ni nyumbu. Serikali yenyewe imeruhusu bucha za nyamapori zenye leseni, na mtu akinunua huko na kupewa risiti, tutabariki na kuomba kuongezewa. Tomaso huyo huyo, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 47, anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vingi na vya aina mbalimbali kwa sababu kiumbe kimoja peke yake kisingetosha kuuonyesha wema wake. Tomaso anazungumzia aina, hazungumzii wingi wa vichwa. Nyumbu milioni hawalipi faru mmoja. Na hapo ndipo waya unapoingia kwenye mjadala.

Nyama tuliyokula, tuliambiwa baadaye bila kificho, ilitokana na mtego wa waya. Waya unafungwa kitanzi, unatundikwa kwenye njia ya wanyama, mtu anaondoka. Waya haujui kusoma. Unamnasa nyumbu, pundamilia, twiga, simba jike mwenye watoto, mkonga wa mtoto wa tembo. Mwenye mtego akichelewa, nyama inaoza au inaliwa na fisi, na mnyama amekufa bure baada ya siku mbili za mateso. Makadirio ya watafiti kuhusu nyumbu wanaouawa kwa njia hii kila mwaka yanaanzia makumi ya maelfu na mengine yanapita 100,000. Tofauti ni kubwa kwa sababu hakuna anayeandika kitabu cha mapato ya ujangili.

Lakini nani anayetega? Tungependa kusema "majangili," neno linalomweka mtu mbali nasi. Tuliowaona ni vijana wa kwaya. Ni baba mwenye ekari mbili ambazo tembo walizimaliza usiku mmoja wiki mbili kabla ya mavuno. Mwaka 1986 tembo wa Serengeti walikuwa hawafiki 500 kwa sababu ya biashara ya pembe. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta zaidi ya 7,000 katika Serengeti na Masai Mara kwa pamoja. Sisi tulishangilia habari hiyo tukiwa mbali. Mama mmoja kigangoni alitueleza habari hiyo hiyo kwa namna yake: zamani alikuwa halali shambani, sasa analala, na anagonga debe mpaka alfajiri. Anayefiwa au kuharibiwa shamba hupewa kifuta machozi au kifuta jasho, na kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa uhai wa mtu. Serikali haikuliita fidia, na ni kweli si fidia. Kanuni zinataka taarifa itolewe mapema, fomu zijazwe, ofisa afike akague. Kwa mtu asiyejua kusoma vizuri, machozi hukauka yenyewe kabla ya kufutwa.

Upande wa pili kuna gereza. Kesi za kupatikana na nyara za serikali si ngeni katika mahakama za wilaya za huko, na hukumu ya miaka 20 si ngeni. Mama mwingine alituomba tumwombee mwanawe aliye ndani. Alikamatwa na nyama, hakukamatwa na pembe. Aliyenunua nyama ile hayumo gerezani. Pengine siku ile yuko kanisani, kiti cha mbele. Pengine ni frateri.

Ndiyo maana hatukubaliani na wenzetu wanaosema kwamba kukataa bakuli lile kungekuwa kumdharau mwenyeji. Ukarimu ni kitu kitakatifu kwetu, na hakuna aliyefikiri kuondoka mezani. Lakini kila mgeni anayekula bila kuuliza anaongeza bei ya nyama inayofuata, na anayeingia porini usiku kuifuata si yeye. Tungeweza kula ugali na mlenda, tukamweleza mzee kwa upole ni kwa nini. Tulikuwa na kanzu nyeupe. Tuliogopa tu.

Kuna jambo ambalo hatukulitegemea. Watafiti walioangalia soko la vijiji hivi waligundua kwamba samaki na nyamapori hushindana jikoni: samaki wa Ziwa Viktoria wakipanda bei, watu hula nyamapori zaidi. Maana yake, hatima ya nyumbu inategemea kwa sehemu bei ya dagaa mnadani. Mahubiri dhidi ya ujangili yasiyojua bei ya dagaa yatasikilizwa kwa adabu na kusahaulika kabla ya sadaka kupitishwa. Waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unasisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Tuliusoma darasani na kuufanyia mtihani. Kigangoni tuliukuta ukiwa na harufu ya moshi.

Tunapendekeza nini basi? Matangazo ya mwisho wa Misa yanajaa michango, ndoa na safari za hija. Yanaweza kubeba pia siku ya chanjo ya ng'ombe na mbwa, kwani tumeona chanjo hizo zimefanya nini. Kila parokia ya mpakani haikosi mwalimu mstaafu au katibu wa WAWATA anayeweza kukaa na familia iliyovamiwa na tembo na kujaza fomu siku ile ile, akaandika tarehe na ekari, akafuatilia wilayani kwa barua yenye mhuri wa parokia. Hili halihitaji mfadhili. Shamba la ufugaji wa kuku au bwawa la samaki la vijana ni gumu zaidi, tunajua miradi mingi ya parokia ilivyokufa, lakini liko karibu na tatizo lenyewe kuliko semina. Na seminari zetu, pamoja na nyumba za mapadre, ziweke wazi kwamba nyama isiyo na asili inayojulikana haiingii jikoni, hata ikiletwa kama zawadi ya daraja au jubilei.

Wenzetu watasema tunajitwika kazi ya askari wa hifadhi. Hapana. Askari ana kazi yake na tunamheshimu, kwani wapo waliouawa kazini. Sisi tunazungumza juu ya meza.

Mfalme Daudi aliadhibiwa kwa kuwahesabu watu wake, kwa sababu alihesabu ili ajione mkubwa. Mchungaji wa mfano wa Yesu naye alihesabu, akajua amepungua mmoja. Tumejiuliza sana nchi yetu inapotangaza sensa ya wanyamapori inahesabu kama nani kati ya hao wawili. Pengine kidogo kama wote.

Desemba tunarudi kigango kile kile. Tumemwandikia katekista kumweleza tunachofikiri, ili mwenyeji wetu asikutwe na jambo mbele za watu. Alijibu kwa simu, ujumbe mfupi: anatukaribisha, mzee amesikia, hakukasirika, ila anauliza kama tutakuja na zile fomu, maana tembo walipita tena Jumanne.